Makofi ya Ukutubi

Kanisani kwetu Bariadi, vyuo vikifunga, wanafunzi huitwa mbele baada ya matangazo. Kila mmoja hushika kipaza sauti, akataja chuo chake na anachosomea, nasi tunampigia makofi. Hakuna aliyewahi kupanga viwango, ila viwango vipo. Udaktari hupata vigelegele. Sheria hupata makofi mazito, ya watu wenye kesi za mashamba. Ualimu hupata makofi ya pole. Anayesomea uhasibu hutazamwa kwa matumaini na kamati ya ujenzi.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Ngulyati, alisimama Jumapili moja akasema kwa sauti safi kwamba anasomea ukutubi. Mtoto mmoja tu akaanza kupiga makofi, mama yake akamshika mikono.

"Fafanua kidogo, binti," akasema katibu wa parokia, kwa nia njema kabisa.

Akafafanua: kutunza vitabu na kumbukumbu, kuviweka katika mpangilio, kumsaidia msomaji apate anachotafuta. Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe kupanga vitabu."

"Na kupanga nako kunasomewa?"

Ulikuwa mnong'ono wa kanisani, yaani ulifika hadi altareni. Binti alimalizia maneno yake akitazama viatu.

Ukutubi aliuchagua mwenyewe. Alama zake za sayansi zingeweza kumpeleka kwingine, na mama yake hakuacha kumkumbusha. Likizo iliyotangulia alizivamia rafu zangu, ambazo mimi huzipanga kwa kufuata unene wa vitabu, akanikaripia: "Mjomba, kitabu kisichojulikana kilipo hakina tofauti na kilichoungua." Sijawahi kuona mtu akifurahia vumbi kiasi kile.

Siku ile ya makofi walikuja kula kwangu. Dada yangu hakugusa wali.

"Si ungesema afya tu? Nani angekuja chuoni kukukagua?"

"Wangeniletea wagonjwa, mama."

"Basi sheria."

"Wangeniletea mipaka ya mashamba."

Tulicheka, hata dada. Kisha binti akanigeukia. "Mjomba, wewe ulikuwa unasemaje?"

Mimi nilisomea falsafa. Baba yangu, kila alipopeleka pamba kuuza, aliulizwa kijana wake anasomea nini. Alijaribu kusema "falsafa" mara moja, wakamuuliza kama ninaumwa. Kuanzia hapo akawa anajibu, "Ualimu." Nikirudi likizo watu wananisalimia, "Mwalimu, umeamkaje?" Nami naitika. Nilipohitimu sikuona tena sababu ya kumfanya mzee aonekane mwongo, nikaenda kuchukua stashahada ya ualimu. Niko darasani mpaka leo.

Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi, na najua pa kunyamaza ili watu wacheke. Dada yangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Binti hakucheka.

"Na ulianza lini kujisikia vizuri?"

"Siku nilipoacha kueleza," nikasema.

Nililitoa jibu hilo kama mzaha mchungu. Nilidhani mtu wa chuo angeuonja uchungu wenyewe. Lakini alikuwa ameuliza swali la kweli, naye alilichukua jibu kama linavyochukuliwa jibu la mjomba. Alinyanyua vyombo akavipeleka uani, na mimi nikaongeza mchuzi.

Hakurudi kwenye ukutubi. Aliomba chuo kingine, akaanza upya mwaka wa kwanza na wenzake waliokuwa wadogo kwake.

Vyuo vilipofunga tena, wanafunzi waliposimama mbele, alisema, "Uuguzi." Vigelegele vilianzia kwa kina mama wa kwaya vikaenda mpaka mlangoni. Dada yangu alijifunika uso kwa furaha. Nilipiga makofi pia, kwa sababu mjomba asiyepiga huonekana.

Nje, bibi mmoja alikwisha kumvuta pembeni, amepandisha gauni amwonyeshe goti. Binti aliinama akaligusa taratibu, akamwambia aende hospitali, akamwitikia salamu zake zote kwa Kisukuma, akimwita mayu, yaani mama. Ana mikono mizuri. Atakuwa muuguzi mzuri, na wagonjwa wa mkoa huu hawatakuwa na la kulalamika.

Nilimsubiri kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuwa nimekusudia kumwambia kwamba shuleni kwetu wameleta vitabu, bado vimo kwenye maboksi, wala hakuna ajuaye kilichomo. Alikuja akanifuta vumbi begani kama mtu mzima.

"Sasa hivi najisikia vizuri, mjomba," alisema, kabla sijauliza chochote.

"Hongera, mayu," nikamjibu.