Chiriku na wimbo wa harusi usio na harusi

Kinachoonekana kwanza ni mguu. Mwanamke ameketi kwenye cherehani, mdomo ameufumba, lakini mguu wake unasukuma pedeli kwa mdundo ambao mtaa mzima unaujua.

Ni asubuhi, siku tatu kabla ya harusi ya binti yake wa pekee. Gauni jeupe limemjaa mapajani, linasubiri upindo.

Siku za kazi yeye ni fundi cherehani. Jumamosi ni mwimbaji wa bendi ya harusi, na huko ndiko alikopewa jina la Chiriku.

"Mwezi mzuri tunapata harusi tatu," anasema. "Zikikosekana, cherehani hii ndiyo inayotulisha."

Wimbo uliomtoa kimuziki aliutunga miaka ishirini iliyopita, mumewe alipoondoka na begi moja asirudi. Gitaa la wimbo huo linacheka, tarumbeta zinaruka, na hata bibi mwenye magoti mabovu huinuka kitini. Maneno yake sasa, ni msiba mtupu:

"Chai yako imepoa mezani,
kiti chako nakipangusa vumbi,
nani atakikalia?"

Kwa hiyo Chiriku ana utaratibu wake. Bibi harusi akiuomba wimbo huo, humketisha kwanza na kumsomea maneno makavu, bila gitaa wala ngoma. Akiridhia, ndipo bendi hupiga.

"Dada, muuza viatu hamwambii mteja vitambana!" mpiga gitaa humtania.

"Bora vimbane dukani kuliko njiani," humjibu.

Wengi huishia kucheka. "Mama, sisi tupe mdundo, maneno baki nayo."

Leo zamu ni ya binti yake. Anataka kuingia ukumbini na wimbo huo huo. Ameucheza tangu ana meno ya utoto, na maneno yake hajawahi kuyategea sikio. Chiriku angeweza kumruka, mtoto si mteja. Lakini anaweka gauni pembeni na kumsomea, ubeti kwa ubeti, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Binti anauliza, "Mama, huyu ni baba?"

"Ni baba yako."

"Na mimi miaka yote nakata viuno juu ya machozi yako! Basi usipigwe. Sitaki uniimbie huku moyoni unalia."

Chiriku anakata uzi kwa meno. Anamvuta binti yake akae karibu.

"Mwanangu, alipoondoka, majirani walikuja kunipa pole kama mfiwa. Mwanamke aliyeachwa akionekana anacheka, nani atamwelewa? Walitaka kilio, nikawatungia kilio."

"Na mdundo je?"

"Mdundo ulikuja wenyewe. Nyumba ile nilikuwa nikitembea kwa kunyata, nisije nikaamsha hasira za baba yako. Jioni ile alipoondoka, nakuogesha, nikajikuta nakanyaga sakafu kwa nguvu, pu! pu! na wewe kwenye beseni unacheka."

Binti anamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana.

"Jumamosi nitauimba, na wewe uingie ukicheza," Chiriku anasema. Kisha anateremsha sauti, ingawa chumbani hamna wa kuficha. "Maana hili sijapata kumwambia mtu. Baba yako alipoufunga ule mlango, mimi nilifurahi."