Ng'ombe Aliyenyimwa Kitambulisho

Moffat Gatimu alikuwa fundi wa mbao huko Mukurweini, mtu wa vitanda, kabati na majeneza, na uso wake ulikuwa mmoja kwa kazi zote tatu. Ni uso huo uliomleta Ngatia kwake mwaka wa 1971.

Ngatia alikuwa na studio ya picha Nyeri mjini, na mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao alikuwa amemwachia kamera kuukuu ya sinema. Alitaka kutengeneza filamu ya kuchekesha. Mkulima anasikia redioni kwamba kila mwananchi ajiandikishe. Kwa kuwa ng'ombe wake alizaliwa hapa nchini, hana kesi yoyote, na huamka mapema kuliko majirani, anampeleka ofisini akapigwe alama za vidole. Moffat aliambiwa awe mkulima huyo, na asijaribu kuchekesha. Hakuwa na mpango huo.

Filamu ilipoonyeshwa Nyeri walikuja watu kumi na wanne, na wanne kati yao walikuwa jamaa za ng'ombe, yaani watu wa mwenye ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Mama mkwe wa Moffat alimwuliza binti yake Kagure, kwa upole, kama mumewe analala vizuri. Ngatia alirudia picha za harusi, na mikanda akampa Muriithi, dereva wa gari la sinema lililozunguka likiwafundisha wafugaji faida za josho la kuogeshea ng'ombe.

Huko Doldol, kaskazini kwenye nchi ya wafugaji, Muriithi aliiweka filamu hiyo kwanza, watu wakiendelea kukusanyika. Lakini mkanda ulikuwa umekwaruzika, na pale mkulima anapofika mbele ya karani, sauti ilikatika. Midomo ilicheza, maneno hakuna. Mchuuzi wa mifugo aitwaye Gure akasimama na kuwaeleza wenzake kwamba karani anauliza jina la baba wa ng'ombe. Mwingine akamjibu kwa niaba ya mkulima kwamba ni fahali wa jirani, na jirani hakatai. Ubishi ukaanza. Filamu ilirudiwa mara tatu, na ile ya josho haikuonyeshwa kabisa.

Mwezi uliofuata watu walikuja kutoka mbali, wamejipanga tayari: wa kushoto walisema maneno ya karani, wa kulia ya mkulima. Kutoka hapo filamu ikateremka Nanyuki, ikafika Karatina, na miaka miwili baadaye ikarudi Nyeri, ambapo vijana wa mtaa wa Skuta waliingia ukumbini wamevaa kengele za ng'ombe shingoni.

Moffat hakupata raha tena. Mjane mmoja alikuja kuagiza jeneza la mumewe, akamtazama, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Aliomba msamaha, akajifuta machozi, kisha akauliza ng'ombe anaendeleaje. Kanisani alipewa somo la vizazi, fulani alimzaa fulani, na kila alipovuta pumzi sauti kutoka nyuma ilinong'ona, "Jina la baba?" Mchungaji alimwomba apumzike kusoma kwa muda, na muda huo haukutajwa mwisho wake.

Basi akaamua kwenda Doldol, ulikoanzia ugonjwa, akawaeleze watu ukweli. Gure aliwakusanya. Moffat akasema yeye ni fundi wa mbao, ng'ombe yule alikuwa wa mjomba wa Ngatia, na hakuna ng'ombe anayestahili kitambulisho. Walimsikiliza mpaka mwisho.

"Sisi tunajua ni sinema, mzee," Gure alisema. "Lakini ofisi kama ile tunaijua pia. Tunaambiwa rudi kesho, tunarudi kesho. Wewe kwa sinema uliambiwa toka, na ukabaki umesimama tu na ng'ombe yako, kama mtu iko na haki."

 Walimpa Moffat mtamba mwekundu, naye akaona aibu kukataa.

Kumsafirisha mnyama kulihitaji kibali. Katika ofisi moja ya Nanyuki, karani aliuliza rangi ya mtamba, mahali alipozaliwa, na mwenyewe ni nani. Halafu akainua macho, akaweka kalamu chini, akaenda kuwaita wenzake wa vyumba vingine. Walikataa kupiga mhuri mpaka Moffat ajibu kila swali kama alivyojibu kwenye filamu. Alisimama pale kwa karibu saa mbili, mtamba akila majani ya ua la ofisi, akijibu kwa uso ule ule. Alipotoka na kibali walimpigia makofi. Alimwambia Kagure baadaye kwamba siku hiyo ndiyo aliyoelewa watu walikuwa wanacheka nini, ila asingeweza kueleza.

Baada ya hapo alianza kwenda kuitazama mwenyewe. Mwaka wa 1978 alimshawishi Ngatia waende pamoja. Ukumbi ulijaa, na sauti ilipokatika watu mia mbili waliijaza. Ngatia alisimama akasema hayo siyo maneno aliyoandika. Mwanamke mmoja mwenye kengele alimgeukia.

"Wewe mgeni, keti," alimwambia. "Kama hujui hii filamu, waachie wanaoijua."

Ngatia akaketi. Moffat alimsogezea karanga, na wote wawili wakawa upande wa kushoto, wa karani.