Kiti Kinachomeza Watu

Mama Mkubwa wangu hanunui kitu bila kugombana nacho kwanza. Tikiti maji analipiga makofi, ufagio anaupinda, sufuria anaigonga konzi mpaka muuzaji anaingiwa na wasiwasi. Kwa hiyo aliponiambia nimsindikize kununua kiti, nilivaa viatu vya chini na kunywa maji ya kutosha, maana nilijua tutazunguka. Nilichokuwa sijui ni kwamba safari hii alikuwa anatafuta kiti kibaya.

Nianze na chanzo. Mama Mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Ni mjane na fundi wa mapazia, na sebule yake ndiyo kiwanda: cherehani dirishani, marobota ya vitambaa kwenye kila kiti, pini hata mahali pasipostahili pini. Wateja huingia moja kwa moja kutoka barabarani bila kubisha, wakamkuta ana tepu shingoni na pini mdomoni, naye huwajibu hivyo hivyo kwa kuguna. Magoti yake yamechoka, hilo halina ubishi. Yakilia yanasikika chumba cha pili. Lakini mikono ni mizima, na mdomo ndio mzima zaidi.

Ana mdogo wake wa kiume, Mjomba wetu, aliyestaafu ukaguzi wa shule. Tuseme serikali ilimstaafisha, yeye hakustaafu. Akija kwako anakagua vikombe, anakagua mitungi, anakuuliza mbona mwanao hajachana nywele. Sasa, kwenye harusi ya binamu yangu, Mama Mkubwa alizama kwenye kochi la ukumbini, wakati wa picha ukafika, akashindwa kuinuka. Tulimvuta mimi na bwana harusi, huku na huku, mpaka akatoka. Watu walicheka kidogo, yakaisha. Mjomba hakucheka. Alikuwa anaangalia.

Kesho yake akawapigia simu ndugu wote, mmoja baada ya mwingine, akatoa hukumu. "Mtu asiyeweza kuinuka kwenye kiti bila kushikwa mkono hawezi kuishi peke yake. Dada atahamia kwangu, kile chumba cha uani kitamtosha. Jumapili ijayo nakuja tumalize. Cherehani itauzwa, chumbani haiingii."

Mama yangu, ambaye amemwogopa kaka yake tangu utotoni, akasema sawa. Wengine wakasema yeye ndiye mwanamume, anajua. Mama Mkubwa alikuwa kwenye cherehani. Alimaliza kushona pindo la pazia alilokuwa nalo, akakata uzi kwa meno.

"Amesema kiti, siyo?" akaniuliza. "Haya. Vaa viatu."

Tulianza na duka la fanicha lenye vioo, ambalo sakafu yake inang'aa mpaka unaona aibu kukanyaga. Muuzaji, kijana wa tai, akatukimbilia.

"Karibuni, mama. Mnatafuta kiti cha kupumzikia?"

"Natafuta kiti ambacho mtu akiingia hatoki."

Kijana akacheka. Mama Mkubwa hakucheka, basi na yeye akaacha, akatupeleka pembeni kutuonyesha viti vya kipepeo. Mimi sikuwa nimewahi kuviona. Ni fremu ya chuma iliyopindwapindwa ikatoa pembe nne, mbili ndefu nyuma na mbili fupi mbele. Juu yake inaning'inizwa kava moja yenye mifuko minne, kila pembe ikaingia kwenye mfuko wake, basi, kiti kimekamilika. Ukikitazama kwa mbele unaona kipepeo aliyetandaza mabawa. Hakina mikono ya kushika wala mto. Unakaa katikati ya kava kama mtoto kwenye mbeleko.

"Hiki ni cha kisasa," kijana akaanza kusifia. "Kinakunjika, unakiweka hata nyuma ya mlango. Turubai limekazwa vizuri, halikuzamishi."

Mama Mkubwa akakaa. Akaguna, akasukuma, akainuka. Uso ukamshuka.

"Hiki kinanitoa."

"Ndiyo sifa yake, mama."

"Hiyo siyo sifa. Huna kibaya zaidi?"

Kijana wa watu akabaki ameshika tai yake. Nadhani hakufundishwa namna ya kumhudumia mteja wa aina hiyo. Alijaribu kumwonyesha angalau kava, zilikuwa zimepangwa kwa rangi ukutani, akasema zinaingia kwenye fremu yoyote, mpya au ya zamani. Mama Mkubwa akageuza moja ndani nje, akakagua mshono, akasonya.

"Mimi ni fundi, ninunue kava?"

"Lakini mama, kinyozi hajinyoi."

Hapo akamweza. Mama Mkubwa anapenda mtu anayejua kujibu. Akanunua kava ya rangi ya matofali, kiti tukawaachia.

Kutoka hapo tukaenda nyuma ya gereji moja, kwenye bohari ya vitu vya zamani. Mwenyewe wanamwita Babu Kutu, kwa sababu kila kitu kwake kimeshika kutu isipokuwa ulimi. Tukapita kati ya vitanda vya chuma, mabafu na milango isiyo na nyumba, mpaka kwenye kona alikokuwa na kiti cha kipepeo cha kale, kilichotoka kwenye hoteli iliyobomolewa. Hiki hakikunjiki. Fremu ni nzito, imechomelewa, na kava yake ilikuwa ya ngozi, imechanika ubavuni na kulegea kwa makalio ya miaka mingi.

"Nisikudanganye, mama," Babu Kutu akasema. "Hiki mimi mwenyewe sikikalii. Mke wangu alikaa mara moja, alininunia wiki nzima."

Macho ya Mama Mkubwa yakawaka. Akakaa. Ngozi ikalia, ikamshusha, ikamfunika kwa pande zote mbili. Akajaribu kuinuka, wapi. Akajaribu tena. Mwishowe mimi na Babu Kutu tukamshika huyu mkono huyu mkono, tukamchomoa, akasimama amejaa vumbi na furaha.

"Ndicho hiki! Nifungie."

Babu Kutu, badala ya kushukuru biashara, akaanza kumsihi asikinunue. Ilibidi tumwombe atuuzie.

Nyumbani ile ngozi ilimalizia kuchanika mikononi mwetu, kwa hiyo tukatoa kava mpya. Mfuko wa kwanza ukaingia, wa pili ukaingia, wa tatu ukagoma. Tulivuta mpaka nikakaa chini. Fremu ya zamani ni pana kuliko ya kisasa, na kijana wa tai aliyesema zinaingia popote hajawahi kujaribu. Mama Mkubwa akaikunja ile kava, akaitupa kwenye kapu la viraka, akatandaza turubai mezani. Kinyozi akaamua kujinyoa.

Sasa mjue fundi wa mapazia ana mazoea yake. Kitambaa cha pazia kikifuliwa kinarudi na kuwa kifupi, kwa hiyo lazima ukiachie ziada, na Mama Mkubwa ameachia ziada maisha yake yote, mkono unakwenda wenyewe. Turubai halirudi. Akaliachia ziada ya pazia juu, ziada ya pazia chini, akashona mifuko kwa uzi wa mkoba, akavalisha kiti. Kava ikaning'inia mpaka karibu inagusa sakafu. Kabla sijasema kitu, alishakaa. Nilichobaki kukiona ni magoti na ncha ya tepu.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," nikasema.

"Funga domo unitoe."

Nilipomtoa nikasema tupunguze. Akanitazama kama nimetaka kuchoma nyumba. "Usiguse! Hii ni bora kuliko ya ngozi. Kazi yetu sasa ni moja tu, mimi nijifunze kutoka."

Wiki ile sitaisahau. Alijaribu kutoka kwa mbele kama watu wengine, kiti kikamrudisha. Alijaribu kwa kujirusha, akaangukia robota la vitambaa, na mteja mmoja aliyeingia akamkuta chali. Mama Mkubwa akamwambia anatafuta pini. Mteja akapiga magoti amsaidie kutafuta, na kwa bahati mbaya akaipata. Polepole akakielewa kile kiti. Siri yake ni kutoka kwa ubavu: unashika pembe fupi ya mbele, unageuza kiuno, mguu mmoja unatangulia, halafu unajiviringisha kuifuata pembe mpaka unajikuta umesimama. Magoti hayafanyi kazi kubwa. Mikono ndiyo inayofanya, na mikono ya fundi wa mapazia hubeba marobota kila siku.

Jumamosi mchana akatoka peke yake, bila mimi kumgusa. Akasimama katikati ya sebule, na badala ya kushangilia akaanza kulia.

"Mwanangu, kile chumba cha uani nakiogopa," akasema. "Nikikaa mle bila kazi, bila mtu kuingia kuniuliza pazia lake, nitakufa huku naangalia ukuta." Mimi nilikuwa nimelichukulia jambo lote kama mchezo mpaka saa ile. Nilimshika bega.

Jumapili Mjomba akaja, suti imenyooka, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu kiti."

Viti vingine vyote vilikuwa na vitambaa. Mjomba akakizunguka kile kimoja kilichobaki, akakikagua.

"Kitu gani hiki?"

"Kiti cha kipepeo, cha kizamani. Kimetoka hotelini. Walikuwa wanakikalia wakubwa."

Mjomba hawezi kukataa kiti cha wakubwa. Akapandisha suruali kidogo magotini, akakaa, na kava ikampokea. Ikamshusha, ikamshusha tena, mpaka magoti yakafika usawa wa kidevu na soksi zote mbili zikawa hadharani.

"Kama nilivyosema kwenye simu," akaanza, huku akihutubia dari, "suala hili, dada, siyo la mjadala…" Akainua kidole, kiti kikayumba, akakishusha. Ni vigumu kutoa amri ukiwa umelala chali. Akaona bora asimame. Mara ya kwanza alijifanya anajiweka sawa. Mara ya pili aliguna. Mara ya tatu kiatu kilimvuka, kikaenda zake chini ya cherehani. Mimi nilikuwa dirishani nachunguza pazia kwa makini sana, maana ningemtazama ningepasuka.

"Dada, hebu nipe mkono."

"Mkono wa nini?"

"Niinuke."

"Ala! Kumbe watu huwa wanahitaji mkono?"

Mjomba akaelewa, akapandwa na hasira palepale alipozama. "Hiki siyo kiti, huu ni mtego! Hakuna binadamu anayeweza kutoka humu!"

Tukamvuta akatoka. Mama Mkubwa akamkabidhi tepu yake amshikie, akakaa, akazama mpaka chini. Akakaa kidogo humo ndani ili mwenzake aone vizuri. Kisha akashika pembe, akageuza kiuno, mguu ukatangulia, akajiviringisha, huyo, kasimama. Magoti yalilia, lakini alisimama.

"Haya, mkaguzi," akasema, "nani ahamie kwa nani?"

Nilingoja Mjomba afoke. Hakufoka. Alikaa juu ya robota la mapazia bila hata kuangalia kama lina pini, soksi moja nje, tepu mkononi.

"Ile nyumba ni kubwa, dada," akasema. "Tangu mke wangu afariki, nikirudi nawasha redio sebuleni na nyingine jikoni, nijione nina watu."

Mama Mkubwa akabaki amemtazama. Nilimwona uso ukibadilika, ule ushindi wote ukamtoka.

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Ningeanzaje?"

"Ungeanza na 'dada, niko mpweke'. Wewe ukaona rahisi ni kuuza cherehani yangu!"

Mjomba akacheka kwa aibu, akajifuta macho kwa tepu. Mama Mkubwa akamwambia kwamba kuhama hahami, hilo aliondoe akilini, lakini Mjomba akitaka kuja aje hata kila siku, mlango ule haujawahi kubishwa. Akaniambia niweke chai.

Basi akawa anakuja. Kwanza Jumapili, halafu na Jumatano, halafu tukaacha kufuatilia. Akifika anakwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kipepeo, anazama na gazeti lake, anakosoa mishono mbele ya watu wawili wasiomsikiliza. Wakati wa kuondoka ukifika anaita atolewe, na Mama Mkubwa lazima amfanye abembeleze kwanza, Mjomba asifie pazia moja au akiri kosa moja la utotoni, ndipo tunamvuta.

Siku moja nilifika nikamkuta Mama Mkubwa yuko uani anaanua vitambaa. Kabla sijaingia, kupitia dirishani nikamwona Mjomba yuko peke yake. Akashika pembe ya mbele, akageuza kiuno, mguu ukatangulia, akajiviringisha akasimama bila hata kuguna. Akajimiminia chai, akaongeza sukari, akainywa yote kwa kusimama. Kisha akarudi kitini, akajizamisha vizuri, akapaza sauti.

"Dada! Dada jamani, njoo unitoe!"

Mama Mkubwa akaja mbio kwa kadiri magoti yanavyomruhusu, akilalamika kuwa mtoto huyu atammaliza. Nikamvuta pembeni mlangoni.

"Mama Mkubwa, Mjomba anaweza kutoka mwenyewe. Nimemwona sasa hivi."

"Najua," akaninong'oneza. "Wewe shika ule mkono mwingine, uvute."