Magome ya Cucu Igoki

Magome machungu yakichemka pamoja na mifupa ya mbuzi hutoa harufu ambayo hata leo ikinipata njiani napita mbio. Msinicheke. Ilijaa jikoni kwetu Kiambere mwaka ule mama alipopimwa presha akapewa vidonge hospitali.

Baba yangu, Nyaga, alivifungia vidonge sandukuni. Alisema dawa ya hospitali na ya miti zikikutana tumboni zinapigana. Akanituma kwa Cucu Igoki, bibi wa dawa za miti. Mimi nilimshuku toka mwanzo. Alitoa magome matupu, bila hata jani moja, ili mtu asiujue mti wenyewe. Mwenye nia njema anaficha nini?

Igoki akanishika sikio. "Mwambie anayepika: mama yako asionje chumvi. Na vidonge vyake asiache. Umeshika?"

Nilishika. Nikamwambia shangazi yangu Wanja, dada ya baba, aliyekuja kutupikia. Baba alikuwa hapo hapo na chai yake.

"Supu bila chumvi?" Wanja akasema. "Hata ng'ombe wa Nyaga anapewa chumvi."

Baba akacheka. Wanja akatia kiganja kizima kwenye sufuria. Mama akanywa, akasema leo walau inapita kooni. Akanywa hivyo wiki nzima, na nyingine, na nyingine. Asubuhi moja alikuwa anapepeta ndengu, mdomo ukapinda upande, ungo ukamtoka mkononi, akaanguka. Hakuamka tena.

Matangani baba alisema Igoki amemuulia mke. Wanja akatikisa kichwa kukubali. Bibi akafukuzwa, na toka siku hiyo hakuna aliyemsalimia mpaka akafa.

Mimi nilikua nikiamini hivyo hivyo. Halafu mwaka huu nikapimwa presha mimi. Nesi, kabla hata ya kunipa vidonge, akaanza na chumvi: niipunguze, na supu za mifupa zenye chumvi nyingi niziache. Nilikaa kwenye benchi la kliniki mpaka wengine wote wakaisha.

Nyaga alisikia. Wanja alisikia. Ninawataja, na walio hai wakasirike wakitaka.

Lakini siku ile matangani, Igoki akisukumwa nje, alisema neno moja tu: "Muulizeni mtoto." Baba akanigeukia. Nilikuwa na miaka tisa, nilikumbuka kila kitu.

Nikasema bibi hakuniambia chochote.