Usiku Mchumba Wangu Aliponguruma

Mwanamume aliyekuja kunichumbia alikuwa mkimya hata baba yangu akaingiwa na wasiwasi. Alikuja nyumbani kwetu Kariakoo na wazee wake, akakaa kwenye mkeka, akajibu "ndiyo" na "alhamdulillahi", akanywa chai, akaaga. Akaja tena wiki nyingine, mambo yakawa yale yale. Sauti yake ilikuwa ya chini hivi kwamba mama alikuwa anamwinamia ili amsikie, kama mtu anayesikiliza redio iliyokwisha betri.

"Mwanamume asiyesema ana jambo," baba akasema alipoondoka.

Mimi nilikuwa nimeshampenda. Alikuwa muuzaji kwenye duka la spea mtaa wa Gerezani, na siku moja nilitumwa pale kununua plagi za pikipiki ya kaka yangu. Alizifunga kwenye gazeti taratibu, moja moja, utadhani mayai. Sikuhitaji maneno zaidi. Lakini baba alihitaji, na ndiyo maana jambo zima likamwangukia shangazi yangu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Mumewe alikuwa amefariki, naye akawa anaishi nasi katika chumba cha mbele, kile cha barazani, ambako aliuza khanga na kujua habari za mtaa mzima bila kutoka mlangoni. Baba alimwogopa kidogo. Sote tulimwogopa kidogo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu nilipokuwa mdogo sasa yalifurika hadi barabarani: redio za kaseti, viatu vya plastiki, sabuni za kila harufu. Mchikichini marobota ya mitumba yalifunguliwa kila asubuhi na watu wakayarukia. Lakini ruksa hiyo hiyo ilikuwa na upande wa pili. Viwanda vilikuwa vinafungwa, mashirika yanapunguza watu, na wanaume wazima waliozoea kutoka alfajiri na chakula chao mkononi wakawa wanashinda barazani wakicheza bao.

Siku moja, mchumba wangu alipokuwa anavaa viatu ili aondoke, aliniambia kwa ile sauti yake, "Jumamosi jioni kuna muziki. Ningependa uje. Mimi nitakuwa jukwaani."

Nilikaribia kuruka. Nilidhani ni dansi: tarumbeta, waimbaji waliovaa sare, watu wanacheza polepole wameshikana. Kumbe mkimya wangu ni mwanamuziki! Shangazi, aliyesikia yote kutoka chumbani kwake, akapaza sauti, "Hendi mtu peke yake. Tunaenda wawili."

Jumamosi nilivaa gauni la mtumba la bluu lenye mabega yaliyotuna. Shangazi alijifukiza udi, akajifunga khanga mpya ambayo bado ilinuka duka, akavaa na miwani yake. Baada ya sala ya Isha tukatembea hadi upande wa Kisutu, kwenye ghorofa moja ya zamani yenye ukumbi mdogo ambao watu waliukodi kwa arusi. Mpiga gitaa la besi wa bendi yao alikuwa kijana wa Kihindu aliyekaa mtaa ule, na ndiye aliyewaombea nafasi. Alitupokea ngazini kwa adabu kubwa.

"Shikamoo shangazi. Karibuni juu. Viti vipo, nimewawekea nyuma kidogo, mbele kuna kelele."

"Marahaba, mwanangu. Kelele gani tena?"

Kijana akatutangulia kupanda ngazi.

Tulipoingia, shangazi alisimama mlangoni akanishika mkono. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana, na wote walivaa fulana nyeusi. Zilikuwa fulana za Mchikichini, zimechorwa mafuvu, nyoka, na pikipiki zinazowaka moto.

"Kuna msiba hapa?" akaninong'oneza.

"Sijui, shangazi."

"Basi tukae karibu na mlango."

Bendi ya kwanza ilikuwa ya vijana watatu wa Ilala. Walipoanza, nilidhani kitu kimeanguka. Ilikuwa kama lori limemwaga mabati kwenye lami, kisha likarudi nyuma na kuyakanyaga. Shangazi alivuta khanga akaziba masikio. Vijana walikuwa wanatikisa vichwa kwa pamoja, mbele nyuma, mbele nyuma, na sura zao zilikuwa na furaha niliyoiona zamani kwa watoto wanaooga mvua. Kijana mmoja aligeuka akatuona, akapiga kelele, "Mambo, dada! Huu ndio hevi metali!" Nilijibu "poa" ingawa sikuwa poa hata kidogo.

Walipomaliza, shangazi alifungua masikio. "Huyu mchumba wako anapiga huu huu?"

Kabla sijajibu, nikamwona. Alipanda jukwaani akiwa na fulana nyeusi isiyo na mchoro wowote, suruali yake ile ile ya dukani, na ndala. Mpiga besi alisimama kulia kwake. Nyuma alikaa mpiga ngoma mfupi mwenye mabega mapana. Gitaa kubwa alilishika mchumba wangu mwenyewe, gitaa la zamani ambalo baadaye nilijua walilinunua kwa bendi ya shirika moja lililovunjika. Amplifaya walikuwa wameiunga wenyewe Gerezani, ndani ya kasha la mbao, na nyaya zake zilionekana kwa nyuma.

Hakutusalimia wala hakusema bendi yao inaitwaje. Alipiga nyuzi mara moja, akasogea kwenye maiki, akafungua mdomo.

Sijui nieleze vipi. Ile sauti haikuwa yake, na ilikuwa yake kabisa. Ilitoka chini, tumboni, ikanguruma, ikapanda hadi shingo yake ikavimba mishipa, na ilipofika juu ikapasuka bila kukatika. Mtu ambaye mama alimwinamia ili amsikie! Nilihisi sauti hiyo kwenye mbao za kiti. Niliona haya, kisha haya ikaondoka, ikabaki fahari ambayo sikuwa na haki nayo bado, maana nilikuwa sijaolewa.

Shangazi safari hii hakuziba masikio. Alikuwa amekaza macho.

"Anasema nini?" akaniuliza.

"Anaimba."

"Naona anaimba. Anasema nini? Ni Kiswahili hicho?"

Kilikuwa Kiswahili. Kilifunikwa na magitaa, lakini nilipotega sikio nikayapata maneno. Basi nikamwegemea shangazi, nikawa ninamrudishia sikioni kila mstari.

"Anasema, lango wamelifunga kwa mnyororo. Anasema, baba bado anaamka alfajiri. Ananyoa ndevu. Anavaa kofia ya kazi. Anakaa kitandani."

"Eeh," shangazi akasema.

"Anasema, mama anamuuliza unaenda wapi. Baba anasema..."

Hapo taa zote zikazimika, na muziki ukakatika kama uzi.

Wengine walidhani ni mgao wa umeme, wakaanza kupiga miluzi. Lakini nje taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Msimamizi wa ukumbi, mzee mnene wa Kihindi aliyevaa shati jeupe, aliingia na tochi. Alikuwa amezima swichi kubwa yeye mwenyewe.

"Imetosha! Nilikodisha ukumbi kwa muziki, sikukodisha kwa vita. Majirani wamekuja wote. Plasta inaanguka chini kwa wazee wa watu!"

Mpiga besi alimbembeleza kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kigujarati tena. Haikusaidia. Vijana wakaanza kushuka ngazi wakilalamika. Mchumba wangu alikuwa anakunja nyaya kimya. Alikuwa amerudi kuwa yule wa mkekani. Alipotufikia aliangalia chini.

"Shangazi, shikamoo. Nisamehe. Nitawasindikiza nyumbani."

"Marahaba. Nyumbani kufanya nini?"

"Imekwisha, shangazi."

"Wimbo haujaisha. Huyo baba alimjibu nini mkewe?"

Mchumba wangu alimtazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Mpiga ngoma akasema kuna baa Gerezani, katikati ya magereji, ambako usiku hakuna jirani wa kulalamika. Mwenye baa alikuwa amewahi kuwaambia waje siku yoyote. Wakapata mkokoteni. Wakapakia spika, ngoma na lile kasha la amplifaya, wakafunga kamba. Toazi la shaba halikupata nafasi, na kila lilipoguswa lililia. Shangazi akalichukua, akalizungushia khanga yake ya juu, akalikumbatia kifuani.

Tukatembea hivyo. Tulikata katikati ya Mnazi Mmoja, mkokoteni mbele, sisi nyuma, na nyuma yetu kundi la vijana wa fulana nyeusi waliokataa kurudi kwao. Waliotuona walitupisha. Wauza kahawa waligeuza vichwa. Mtu mmoja akauliza ni maandamano ya chama gani, maana vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa na kila siku kulikuwa na kipya. Shangazi akamjibu bila kusimama, "Chetu hakijaandikishwa."

Baa yenyewe ilikuwa ua wa mchanga uliozungushiwa mabati, wenye balbu chache na meza za mbao. Wateja walikuwa mafundi magari, wapakizi, na wazee wachache waliofanya kazi zamani reli na viwandani. Shangazi alifika getini akasimama.

"Baa siingii," akasema. "Sijawahi, na sitaanza leo. Acheni geti wazi. Mimi nitakaa hapa, na sauti ile itanifikia."

Fundi mmoja akamletea tairi la lori, akalifuta kwa mkono, shangazi akakaa juu yake kama bibi arusi. Mimi nikasimama pembeni yake. Toazi akalitoa kwenye khanga akalikabidhi kwa mpiga ngoma.

Mwanzoni wateja hawakupendezwa. "Mnatupigia nini sasa?" mmoja akafoka. "Pigeni dansi!" Mchumba wangu akasogea kwenye maiki. Nikadhani atasema kitu, lakini akaanza tu, wimbo ule ule, toka mwanzo.

Pale nje sauti ilikuwa na nafasi. Haikugonga ukuta ikarudi, ilikwenda. Ilipita juu ya magari yaliyong'olewa injini, ikaenda kule kwenye reli. Na maneno yalisikika vizuri zaidi, sikuhitaji tena kumnong'oneza shangazi. Lango limefungwa kwa mnyororo. Baba anaamka alfajiri. Niliona mafundi wanaacha kuongea, meza moja, kisha nyingine. Kwenye ule mstari uliokatizwa Kisutu, magitaa yalinyamaza yote, ikabaki ngoma peke yake ikidunda taratibu, naye akaimba bila kunguruma, kwa ile sauti yake ya nyumbani:

"Baba anasema, siendi popote. Najiandaa tu."

Kisha vyote vikarudi kwa pamoja, na vijana wa fulana nyeusi wakaruka.

Shangazi alivua miwani. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hadi walipopunguzwa. Nilikuwa mtoto mkubwa wakati ule, na nakumbuka alivyokuwa anapiga pasi sare yake hata baada ya kazi kwisha. Shangazi hakulia. Alifuta miwani kwa ncha ya khanga, polepole, akaivaa tena.

Wimbo ulipokwisha mzee mmoja wa reli akapaza sauti, "Rudia!" Wakarudia. Safari hii yule mzee aliinuka, akatembea hadi mbele akiyumba kidogo, akambandika mchumba wangu noti kwenye paji la uso, kama wanavyotuzwa waimbaji wa dansi. Mchumba wangu hakuwa amewahi kutuzwa. Alisimama na noti usoni, hajui aitoe au aiache, huku mikono yake ikiendelea kupiga gitaa. Nimeishi naye miaka mingi tangu hapo, na bado naiona sura ile.

Walipiga nyimbo nyingine ambazo sikuzielewa, na mbili ambazo nilizipenda. Kisha akatusindikiza. Njiani shangazi akamuuliza, "Kwa nini nyumbani husemi?"

"Nyumbani naogopa, shangazi. Wazee wananiangalia."

"Na pale hawakukuangalia?"

"Pale nakuwa na la kusema."

Asubuhi baba alimsubiri shangazi kwenye chai. Alikuwa ameshasikia kwa watu kwamba dada yake alionekana usiku akipita Mnazi Mmoja na wahuni. Shangazi alimega kitumbua, akakitafuna hadi mwisho.

"Kijana anasema," akamwambia. "Wewe ndiye hujawahi kumuuliza la maana."

Baba alitaka ushahidi. Mchumba wangu akaleta kaseti waliyorekodi kwa redio ya kawaida ndani ya gereji. Baba aliiweka, akasikiliza akiwa amekunja uso, akaizima kabla ya upande wa kwanza kuisha. "Ana pumzi," akasema hatimaye, na posa ikapita.

Kwenye arusi yetu ilipigwa taarabu, kwa heshima ya wazee. Bendi iliendelea kukutana Gerezani Jumamosi nyingi baada ya hapo, nami nilikwenda hadi mimba ya kwanza iliponizidi. Halafu mpiga besi akaenda kusoma ng'ambo, mpiga ngoma akachukuliwa na bendi ya dansi iliyokuwa na mshahara, na watu wa kuziba nafasi zao hawakupatikana. Mume wangu aliendelea na spea. Hakulalamika. Watoto wetu walikua wakimjua kama baba asiyepaza sauti, hadi jioni moja umeme ulipokatika, wakachoka kukaa gizani, wakamwomba awaimbie kitu. Aliniangalia kwanza. Nikamwambia majirani wote wako macho, hamna atakayeamshwa.