Mnara Uliozidishiwa Kina

Nakumbuka asubuhi moja kule Bonga, mwanangu, mnara wa kiwanda chetu cha spiriti ulipoanza kunguruma, baba yako akiwa juu kwenye ngazi yake. Hata leo sufuria likichemka na kupiga kifuniko, moyo hunienda mbio.

Ndani ya mnara ule mlikuwa na sahani za chuma zenye matundu, moja juu ya nyingine. Pombe ya molasi ilishuka sahani hadi sahani, mvuke ukipanda kwa kupenya matundu. Vikikutana vizuri, spiriti kali hutoka juu. Kila sahani ilikuwa na ukingo mfupi wa kuizuia pombe isipite haraka. Baba yako, wakati huo mchumba wangu, kijana mjuaji wa Bagara, akaona tukiinua kingo pombe itakaa na kina zaidi, spiriti izidi ukali. Mnara ulipofunguliwa kuoshwa, akaongeza vipande vya bati. Kweli, mwanzoni ikatoka kali, tukachekelea.

Kisha, asubuhi ile, tukaongeza mvuke ili tupate spiriti nyingi zaidi. Kina kile kikawa mzigo: presha ikaongezeka upande wa chini, pombe ikashindwa kushuka, ikajaa kuelekea juu. Mnara ukatetemeka. Pombe ya moto ikaanza kuruka kwenye bomba la kupumulia, karibu kabisa na baba yako. Niliogopa mpaka nikasahau jina lake. Nikashika valvu nizidishe mvuke, eti usukume.

Mzee Hhando, msimamizi wetu, akanidaka mkono.

"Wewe binti, unataka kumuua mwenzio? Punguza! Ukisukuma ndiyo unazidi kuziba."

Akaipunguza mwenyewe mpaka mnara ukatulia. Baba yako akashuka, nami nikalia mbele za watu bila aibu.

"Pombe ikiwa kidogo kwenye sahani," mzee akasema, "mvuke unapita bila hata shikamoo. Ikizidi, unakosa pa kupita."

Siku hiyohiyo vipande vya bati vikatolewa.

Kesho unapanda basi kwenda kuanza kazi kwenye minara kama ile, na naogopa, sikufichi. Mtaka yote hukosa yote, mwanangu. Kitu kikianza kunguruma usikisukume. Punguza kwanza, kisha uliza. Kama ningezungusha valvu ile, wewe usingezaliwa. Mungu akutangulie, na kila ngazi utakayopanda, akushushe salama.