Ndege yangu imevaa mananasi

Leo nilicheka muntu asiyechekwa.

Nimejenga ndege ndogo ya rimoti, nikafunika mabawa kwa nailoni ya kijivu. Nikawasha moteri. Jirani yangu Maman Furaha, aliyekimbia vita Bukavu, aliposikia mlio ule akaingia chini ya meza.

Nikacheka. Kosa!

Akatoka, akabandua nailoni yote, akabandika kikwembe, kitenge chenye picha za mananasi, kwa gundi ya muhogo.

"Ndege ya vita haivalangi mananasi!"

Kikakauka juani, kikakazika kama ngoma. Muzuri, jamani!

"Maman, kikwembe umekitoa wapi?"

"Kwenye kamba yako ya nguo, papa. Kile cha mke wako, cha kuvaa kwenye ndoa ya kesho."

Mke wangu anarudi saa kumi. Bandugu, nifanye nini?

Maman Furaha amekaa mlangoni, ananichekelea:

"Ingia chini ya meza. Nafasi iko."